SOMO: Jinsi ya kumpata Growlithe kwenye Pokémon FireRed, na lini umpe jiwe (msikimbilie!!)

Salaam wakuu, na dada zetu mnaocheza kimyakimya pia salaam. Juzi niko kijiweni Makorora, dogo mmoja ananionesha gemu yake kwa furaha zote, ana Arcanine levo 21 (ndo yule mbwa wa moto Growlithe akishapewa jiwe la Fire Stone). Namuuliza ana muvu (pigo) gani ya moto, anasema Ember, ile dhaifu. Basi? Basi. Nikanyamaza maana sikutaka kumharibia siku, ila nikasema nikifika nyumbani naandika hili somo hata kama umeme umekatika, na kweli ulikatika.

Tuelewane kabisa, hapa naongelea FireRed ile ya Game Boy Advance ya 2004. Kwenye matoleo mengine levo za kupata muvu zinabadilika kwahiyo usije kunitukana baadae.

Kabla ya yote angalia kaseti yako. Growlithe porini anatokea FireRed tu, wenye LeafGreen (toleo pacha la FireRed) mnapewa Vulpix badala yake. Na hakikisha ni orijino. Mimi yangu ya kwanza niliuziwa na jamaa mmoja (simtaji) bei ya kutupa, nikacheza wiki tatu nina beji nne (unapewa ukimshinda kiongozi wa gym), siku moja nawasha naambiwa New Game. Nikaifungua na bisibisi ya kutengenezea miwani, ndani nakuta kibetri cha duara kama cha saa kimekufa. FireRed orijino haitunzi sevu kwa betri, inatunza kwenye chipu, haitaki betri kabisa. Ile ilikuwa feki. Roho iliniuma mpaka mama mdogo akauliza nani kafariki.

HATUA YA KWANZA: fika Route 8

Ukishatoka Rock Tunnel unaingia Lavender Town, hapo usianze kuhangaika na ule mnara, mizimu huitambui mpaka upate kile kifaa cha Silph Scope. Nenda zako magharibi, hiyo ndo Route 8, nyasi zipo na Growlithe yupo. Ukimkosa pita njia ya chini ya ardhi utokee Route 7 karibu na Celadon, yupo na pale. Kuna watu wanasubiri mpaka wafike lile jumba bovu la Cinnabar ndo wamtafute, yupo kweli, ila hapo gemu imeshaenda mbali sasa wa nini tena.

Kama Pokémon wako wa kuanzia ni Charmander hili somo unaweza kulisoma kama gazeti tu, moto unao. Walengwa ni wale wa Bulbasaur na Squirtle, na hasa Squirtle, maana mnakaribia kwa Erika, kiongozi wa gym ya Celadon, na Erika ni majani matupu, yanayaumiza maji ya Squirtle.

HATUA YA PILI: kumkamata bila kuzomewa

Hapa ndo wengi wanaumia. Growlithe wa porini ana Roar, Ember na Leer, na wengi wana Bite. Tatizo ni Roar. Akipiga Roar pambano limekwisha, kakufukuza yeye, sio wewe umemkimbia. Mimi wa kwanza nilimkuta usiku, nimekaa barazani Ngamiani barabara ya nane, giza mtaa mzima, mwanga ni wa kile kiskrini cha Game Boy Advance SP tu na mbu wanakuja kwenye huo huo mwanga. Kitaa cha betri kimeshageuka kutoka kijani kuwa chekundu. Nimempunguza damu mpaka imebaki mstari mwembamba mwekundu, nafungua begi nichague mpira wa kumkamatia, huku nasikia naitwa ndani nikachukue unga wa ngano dukani. Nikarusha, ukatikisika mara mbili, akatoka. Akapiga Roar. Kimya. Nikaenda dukani.

Kwahiyo mlaze kwanza. Bulbasaur anapata Sleep Powder levo 15, hiyo ndo dawa, ila mtoe haraka baada ya hapo maana Growlithe akiamka na Ember yake Bulbasaur ni kuni. Huna Bulbasaur? Pikachu wa Viridian Forest anapata Thunder Wave levo 8, ukimpoozesha kumkamata kunakuwa rahisi japo kulala ndo bora zaidi. Sio mgumu kukamatika kivile, kinachosumbua ni hilo zomeo tu.

Alafu kuna kitu watu hawakiangalii. Pambano likianza tu, soma maandishi. Ukiona imeandikwa Intimidate na Pokémon wako kapungua Attack, basi huyo ana uwezo wa kuzaliwa unaoitwa Intimidate. Usipoona kitu, huyo ana Flash Fire, akipigwa moto hadhuriki na moto wake mwenyewe unaongezeka nguvu. Akigeuka Arcanine anabaki na hiyo hiyo, kwahiyo unachagua hapohapo kwenye nyasi. Mimi nachukua Intimidate kila siku, kila akiingia uwanjani adui anapungua nguvu, Flash Fire mpaka uletewe moto na utaletewa mara ngapi.

Bibi yangu aliniona nashangilia nilipompata akauliza ni nini, nikamwambia mbwa. Akasema mbwa tena, jamani, ndani ya nyumba? Nikamwambia yumo humu kwenye kidude bibi. Akasema haya, ilimradi hatii udhu mashakani.

HATUA YA TATU: kumlea mpaka 31

Nenda naye kwa Erika moja kwa moja. Victreebel 29, Tangela 24, Vileplume 29, wote majani, Ember inawatosha hata kama wamekuzidi levo, ila beba dawa za kuamsha na za kutoa sumu maana wale wana vumbi la kila aina. Wale mabinti wa mle ndani kabla ya Erika usiwakwepe, wapige wote, ndo levo zenyewe hizo.

Baada ya hapo shuka kwa Rocket, lile genge la wahalifu, chini ya Game Corner (ukumbi wa kamari wa Celadon), mpige bosi wao Giovanni, chukua Silph Scope, rudi Lavender. Sasa hapa ndo raha yenyewe!! Kwenye mnara wamejaa Gastly na Haunter, na Bite ni Dark, mizimu inaumia vibaya sana. Katoto ka mbwa kanapanda ghorofa kanang'ata mizimu mmoja mmoja. Ila akijifunza Take Down levo 25 usifute Bite, nimeona mtu kafuta Bite akaenda mnarani na Take Down ambayo mizimu haiigusi hata kidogo, akarudi analalamika gemu ni mbovu.

HATUA YA NNE: jiwe

Celadon Department Store ghorofa ya nne, Fire Stone, 2100. Linunue hata leo, ila liweke kwenye begi.

Sababu ni hii. Growlithe anaendelea kujifunza muvu: Flame Wheel levo 31, Agility 43, Flamethrower 49. Arcanine hajifunzi kitu mpaka levo 49, na siku hiyo anapata ExtremeSpeed. Ukimgeuza levo 20 kama dogo wa Makorora unatembea na Ember yenye nguvu 40 karibu levo thelathini nzima. Ni kama kumfungulia fundi duka kubwa ukamwachia nyundo moja.

Wapo wanaosema subiri 49 upate Flamethrower ndo umgeuze. Hawa nawaheshimu ila siwaelewi. Blaine mwenyewe, kiongozi wa gym ya moto, Arcanine wake yupo levo 47, maana yake ukisubiri 49 unakwenda kwake na kitoto. Growlithe jumla ya uwezo wake ni 350, Arcanine 555. Speed inatoka 60 mpaka 95, Attack 70 mpaka 110. Unajinyima vyote hivyo kwenye gym za Koga, Sabrina na Blaine, kisa muvu moja ambayo inauzwa!

Mimi nasema 31. Akipata Flame Wheel (nguvu 60, inatosha njiani) mpe jiwe siku hiyohiyo.

HATUA YA TANO: Flamethrower ya dukani

TM35 (TM ni kifaa cha kumfundisha Pokémon muvu, hii ni ya Flamethrower) ipo Celadon kwenye zawadi za Game Corner, koini 4000. Kwanza chukua Coin Case kwa yule mzee wa mgahawani. Koini 500 ni 10000, kwahiyo ukinunua zote taslimu ni 80000, hela ndefu najua. Chukua Amulet Coin (inazidisha hela za ushindi mara mbili) kwa msaidizi wa Profesa Oak pale Route 16, anataka uwe umekamata aina 40, alafu pita na Vs Seeker unawarudia watu uliokwishawapiga, hela inakuja mara mbili. Zile mashine za kamari mnaweza kujaribu, mimi zilinila koini 300 nikakumbuka nilivyolelewa nikaacha. TM kwenye gemu hii ukitumia mara moja imekwisha, usimpe mwingine kwa bahati mbaya.

Hapo ukifika 49 Arcanine wako ana Flamethrower NA ExtremeSpeed. Karibuni maswali.

MASWALI

Kijana wa Chumbageni: Mkuu mimi nimeshampa jiwe levo 22 jana kabla sijasoma hii. Nianze upya?

Jibu: Usianze upya kaka, hajaharibika. Flame Wheel ndo umeikosa, hiyo hairudi. We tafuta hela za TM35 mapema tu, ikishapatikana hakuna atakayejua.

Mdau wa Pangani: Na mimi niliyesubiri 49 nikapata Flamethrower alafu nikampa jiwe, ExtremeSpeed nimeikosa?

Jibu: Hapana, nenda Two Island kuna jamaa wa kukumbusha muvu, anataka Big Mushroom moja au TinyMushroom mbili. Atamfundisha. Kumbe na nyie wa 49 mna njia yenu, sawa nimekubali kidogo.

Mama Wawili: Habari za saa hizi. Mimi sichezi, anacheza mwanangu wa miaka tisa, ana LeafGreen na analia hamuoni huyo mbwa kwenye nyasi. Nimsaidieje?

Jibu: Shikamoo mama. Mwambie asilie, kwake hayupo kabisa, ila yupo mbweha anaitwa Vulpix, nyasi zilezile Route 7 na 8, na anapendeza kuliko mbwa. Jiwe ni lilelile la 2100. Tena Vulpix anapata Flamethrower levo 29, kwahiyo asubiri 29 tu ndo ampe jiwe awe Ninetales. Akimtaka mbwa lazima abadilishane na mwenye FireRed kwa kebo ya kuunganisha gemu mbili.

Mama Wawili: Marahaba. Mbweha amemkubali.

Usagara Boi: Muvu nne za mwisho weka hapa tusizunguke

Jibu: Flamethrower, ExtremeSpeed, Bite, na Dig. Dig ni TM28 unampokonya yule Rocket wa Cerulean, wengi mnayo begini mmeisahau. Inakusaidia kwenye mawe, maana moto kwa mawe hauna kitu. Maji ndo usibishane nayo, mtoe tu.

Kijana wa Chumbageni: Nikipewa Growlithe na mshkaji kwa kebo atanisikiliza?

Jibu: Anakua haraka kuliko wako mwenyewe, anapata uzoefu mara moja na nusu. Ila beji ya pili inamshikilia mpaka levo 30, ya Erika mpaka 50. Akizidi hapo na beji huna anaweza kulala uwanjani unamtazama.

Usagara Boi: Eevee je, si wanampa bure pale Celadon? Jiwe hilohilo anakuwa Flareon

Jibu: Bure kweli, panda kwa mlango wa nyuma wa Celadon Mansion mpaka juu. Ila Flareon wa gemu hii ana Attack kubwa na moto wote hapa unahesabiwa kwa Special Attack, ambayo ni nguvu nyingine tofauti na Attack, hapo ndo anapochekesha. Sio mbaya, ila mpe jiwe mbwa.

Mdau wa Pangani: Kebo mjini zinapatikana wapi jamani, nimezunguka soko zima la Ngamiani naoneshwa za redio

Jibu: Ninayo moja. Njoo barabara ya nane baada ya isha, uliza wanapocheza gemu barazani, uje na chaja yako maana yangu tunagombania watatu.