Somo: Kutafuta jamaa za nguva kwa DNA, hatua kwa hatua

Nguva na pomboo wote wako kwenye maji ya pwani yetu, wote wananyonyesha, wote wanaogelea kwa kupiga mkia juu na chini. Kwa macho utaapa ni ndugu. DNA inakataa: nguva yuko upande wa tembo na pimbi, pomboo yuko upande wa kiboko. Somo hili ni la kuuchora mwenyewe mti wa ukoo huo kwenye kompyuta ya kawaida, kwa data ambazo ziko wazi kwa kila mtu, bila kumgusa mnyama yeyote. (Nguva wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, hayumo kwenye hazina ya data. Msimtafute.)

1. Chagua wanyama

Tafuta kwenye GenBank, hazina ya data za DNA iliyo wazi mtandaoni, kwa jina la kisayansi, maana majina ya kawaida yanachanganya. Chukua nguva (Dugong dugon), nguva wa Steller aliyetoweka (Hydrodamalis gigas), tembo wa Afrika (Loxodonta africana), tembo wa Asia (Elephas maximus), mamothi, jamaa wa tembo aliyetoweka (Mammuthus primigenius), pimbi (Procavia capensis), pomboo (Tursiops truncatus), kiboko (Hippopotamus amphibius) na ng'ombe (Bos taurus).

Wa kumi ni mnyama baki, asiye wa ukoo huu. Huyu ndiye anayeonyesha shina liko wapi. Bila yeye una matawi tu na hujui lipi lilitangulia. Didelphis virginiana, mnyama wa mfuko wa Marekani, anafaa. Usimweke samaki: yuko mbali mno, na tawi refu namna hiyo huvuta matawi mengine marefu likayabandika pasipo pao.

2. Chagua jeni

Wengi huanza na saitokromu b, jeni moja ya mitokondria (viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, vyenye DNA yao), besi (herufi za DNA) 1,140, kwa sababu imejaa kwenye hazina. Kwa mamothi na tembo wa Asia inatosha. Kwa nguva, tembo na pimbi, waliotengana miaka milioni 60 hivi iliyopita, haitoshi: herufi ya tatu ya kila kodoni (kundi la besi tatu) imebadilika na kurudi mara nyingi hadi alama za zamani zimefutika. Chukua jeni za protini za mitokondria. Ziko 13, lakini ND6 iache. Iko kwenye uzi wa pili wa DNA na uwiano wa besi zake ni tofauti. Zinazobaki 12 zinakupa karibu besi 10,800 kwa kila mnyama.

3. Pakua na usafishe majina

Pakua kwa muundo wa FASTA (faili la maandishi: jina, kisha besi), kila jeni na faili lake. Kisha badilisha kila jina liwe neno moja: Nguva, NguvaSteller, TemboAfrika. Programu nyingi hukata jina kwenye nafasi ya kwanza, na hapo ukabaki na wanyama wawili wenye jina moja. Jina la mnyama liwe lile lile kwenye faili zote 12, hata herufi kubwa na ndogo.

4. Panga safu

Hapa ndipo miti mingi inapoharibikia, na programu haitakwambia. Panga kila jeni peke yake kwa programu ya MAFFT, ili besi zinazolingana za wanyama wote zikae safu moja, kisha fungua faili uitazame kwa macho. Itafsiri kuwa protini kwa msimbo (jedwali la kusomea kodoni) namba 2, wa mitokondria za wanyama wenye uti wa mgongo. Ukitumia msimbo wa kawaida, namba 1, utaona alama za kikomo (zinazosema protini imeishia hapa) zimetapakaa katikati ya jeni, kwa sababu TGA, ambayo kwingine ni kikomo, kwenye mitokondria hizi ni triptofani, kiungo kimoja cha protini. Data si mbovu. Msimbo ndio si wake.

Ukiona kikomo katikati hata kwa msimbo namba 2, sababu ni mojawapo ya mbili. Ama usomaji umeteleza kwa besi moja au mbili, ama ulichopakua si mitokondria bali ni nakala yake ya kale iliyojipachika ndani ya kiini cha seli. Tembo ni maarufu kwa nakala hizo, hasa DNA ikitolewa kwenye nywele.

Mwisho wa jeni kadhaa utakuta T au TA tu badala ya kikomo kamili. Ni kawaida, seli hukimalizia baadaye. Kata vipande hivyo ili urefu wa kila jeni ugawanyike kwa tatu, ndipo uunganishe jeni zote kuwa faili moja, nguva.fasta.

5. Jenga mti

Kwa programu ya IQ-TREE amri ni hii:

iqtree2 -s nguva.fasta -m MFP -B 1000 -o Didelphis

MFP inachagua yenyewe modeli ya mabadiliko ya besi. B 1000 inarudia hesabu mara elfu ili kupima uimara wa kila kifundo, yaani pale matawi yanapokutana. Didelphis ni yule mnyama baki. Dakika chache tu imekwisha.

6. Soma mti

Usisome nani yuko juu na nani yuko chini. Matawi huzunguka kwenye kifundo bila kubadili maana. Soma nani anakutana na nani kwanza. Nguva wa Steller akutane na nguva wetu, mamothi na tembo wa Asia kabla ya tembo wa Afrika, pomboo na kiboko kabla ya ng'ombe. Kwa kipimo hiki, kifundo cha 95 kwenda juu kinaaminika. Na tembo hakuzaliwa na nguva: wana babu mmoja, ambaye hakuwa huyu wala yule.

Kama una kipande chako cha samaki unachotaka kukitambua kwa DNA

Kata miligramu 20 za nyama ya ndani, si ya juu iliyoguswa na kila mkono sokoni. Itie kwenye ethanoli ya 95%, mara kumi ya ujazo wa nyama, na uibadilishe baada ya saa 24 kwa sababu maji ya nyama huizimua. Fomalini hapana, inazifunga DNA na protini pamoja. Yeyusha nyama kwa proteinezi K, kimeng'enya kinachokata protini, katika nyuzi 56.

Mchanganyiko wa PCR (kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi) wa mikrolita 25: mchanganyiko tayari wa 2X (wenye nguvu maradufu) 12.5, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) FishF1 na FishR1 mikrolita 1 kila moja (mikromola 10), DNA 2, maji 8.5. Nyuzi 95 dakika 2. Kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, 54 sekunde 30, 72 dakika 1. Mwisho 72 dakika 10. Kila mara weka kijitubu kimoja kisicho na DNA. Hicho kikitoa mstari kwenye jeli, matokeo yote ya siku hiyo ni ya kutupa.

Maswali (kwa mtaa wa muulizaji)

*Likoni:* Mwalimu, fuvu la nguva lililokaa mchangani miaka mingi lina DNA?

Huenda, lakini kidogo na iliyovunjika. Kwa mifupa ya ndege moa wa New Zealand, vipande vya besi 242 vilikadiriwa kupungua nusu kila miaka 521, tena kwenye nyuzi 13. Joto la Mombasa ni maradufu ya hilo, na unyevu unaongeza balaa. Ikibaki, hubaki kwenye mfupa mgumu wa sikio la ndani. Halafu nguva analindwa kisheria hata mifupa yake: liache pale pale, uwaarifu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

*Kisauni:* Na dinosauri je?

Hakuna. DNA ya zamani kuliko zote, ya miaka milioni 2 hivi, ilitoka kwenye udongo wa baridi kali wa Greenland na ilitangazwa 2022. Dinosauri wasio ndege walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1994 walijitokeza waliodai wameipata mfupani. Ikaja kuonekana inafanana na ya binadamu.

*Mtwapa:* Nataka kujua papa wa ng'onda ninayeuziwa ni papa kweli. Inawezekana?

Inawezekana dada. Chumvi na jua huikausha nyama kabla haijaoza, kwa hiyo DNA inabaki ingawa vipande ni vifupi. Tafuta praima za kipande cha besi 150 hadi 300 badala ya 650 za FishF1 na FishR1. Loweka kwanza kwenye maji safi uondoe chumvi, maana huzuia PCR. Isipotoa mstari, zimua DNA mara kumi ujaribu tena kabla ya kulaumu praima.

*Changamwe:* Mti wangu umemweka pimbi kando ya nguva, wa mwenzangu umemweka kando ya tembo. Vifundo ni 61 na 58. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Watatu hao waliachana kwa haraka, tawi la katikati ni fupi sana, na jeni za mitokondria pekee mara nyingi hushindwa kuamua. Chora njia panda ya matawi matatu. Lakini pimbi akienda kukaa na ng'ombe, rudi hatua ya 4 ukalitazame faili lake.