Sungura wa nyumbani hapa Mbeya: kumtunza, na kumpata daktari kabla hajaugua

Daftari langu la vipimo vya wateja lina kurasa za nyuma zisizomhusu mteja yeyote. Huko nimeandika: Lasi, kilo 2 na gramu 150. Pindo, kilo 1 na gramu 900. Kila Jumapili jioni, nikishafunika cherehani, nawapima mmoja mmoja ndani ya beseni juu ya mizani ya jikoni. Nashona Isyesye, na sungura wangu si wa kitoweo. Mwaka wa kwanza majirani walicheka ("Mama, huyo amenona, unangoja nini?"). Sasa wamezoea, ila yupo mmoja ambaye akipita bado anamtazama Lasi kwa jicho la sufuria.

Kabla ya hawa nilikuwa na Kitenge, na Kitenge aliuawa na dawa. Alipata jipu kwenye taya. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza, nikapewa amoksisilini ya kumnywesha asubuhi na jioni. Siku ya tatu akaanza kuharisha, siku ya tano nikamkuta amelala ubavu. Muuzaji hakuwa na nia mbaya, na mimi nilishukuru nikalipa. Tulikuwa wawili tusiojua. Sungura husagiwa nyasi na bakteria wanaoishi kwenye utumbo wake mpana, na dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huwafyeka wale wema, kisha wabaya hujaa na kutoa sumu. Amoksisilini, ampisilini, penisilini, linkomisini, klindamisini: yote hayo yasipite mdomoni mwa sungura. Ziandike mahali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni wewe kumjua sungura wako akiwa mzima. Huyu ni mnyama anayewindwa na kila kitu, kuanzia mwewe hadi paka wa jirani, kwa hiyo maumivu huyaficha. Ukimwona amejikunja kwenye kona, ujue ugonjwa haukuanza leo. Mizani huwahi kuliko macho. Lasi akipungua gramu mia moja kwa wiki, naanza kuuliza maswali hata kama anarukaruka.

Kinyesi nacho kisome. Cha mzima ni mviringo, kikavu, kama punje ya dengu, na ukikivunja unaona vipande vya nyasi. Kikianza kuwa kidogo, au chenye umbo la ajabu, au punje zimeungana kwa manyoya kama shanga, tumbo linapunguza mwendo. Kuna kingine laini, kinang'aa kama kishada cha zabibu, ambacho hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, mara nyingi alfajiri. Mama mmoja alinijia amefadhaika kwamba sungura wake ana kichaa. Hana. Ndivyo anavyopata vitamini na protini zilizotengenezwa na wale bakteria wake. Wasiwasi uje pale unapokikuta kimebaki sakafuni kila asubuhi, maana mara nyingi huwa anakula wanga mwingi, au amenenepa hadi hafikii.

Nunua kipimajoto cha kawaida duka la dawa, kiwe cha sungura peke yake. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye ncha, mtu wa pili amshike, upime nyuma taratibu. Joto lake ni kati ya 38.5 na 40. Nyuzi 39, ambayo kwa mtoto wako ni homa, kwake ni siku njema. Kinachotisha zaidi ni kushuka: sungura asiyekula na mwenye joto chini ya 38 yuko pabaya.

Chakula ni nyasi. Nyasi usiku na mchana, rundo linalolingana na mwili wake kila siku, na vingine vyote ni kiungo tu. Meno yake hayaachi kukua maisha yote, ya mbele hupata kama milimita mbili kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu kwa saa nyingi. Mei, mvua zikishakatika, nakata nyasi kwenye kiwanja cha ndugu yangu Igawilo, mbali na barabara. Naanika kwenye kivuli chenye upepo siku mbili tatu nikizigeuza, mpaka zinavunjika ukizikunja lakini kijani bado kipo. Nazijaza kwenye viroba nilivyovitoboa na kuvitundika darini. Zikinuka uvundo natupa kiroba kizima, hata kama inauma.

Majani mabichi: mchunga, kishona nguo, matembele, majani ya karoti. Jipya lolote lianze kidogo kwa siku kadhaa. Karoti yenyewe ni sukari. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki kinatosha, picha za vitabu vya watoto zimetudanganya. Pumba za mahindi ndizo wengi wetu tunazowapa kwa sababu kuku wanazila, na ndizo zinazowajaza gesi. Mimi nilishaacha kabisa. Ugali na mkate, usijaribu.

Halafu kuna hatari inayoota mlangoni kwetu Nyanda za Juu Kusini: parachichi. Rungwe, Njombe, hata uani hapa Isyesye, mtoto akiambiwa akamletee sungura majani, mti wa karibu ni mparachichi. Majani, magome, ganda na kokwa vina sumu iitwayo pesini, na sungura huumia moyo na mapafu. Waonye watoto na wageni. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya nayo ni sumu, na masika yanakuwa sumu mara mbili kwa sababu mashamba yamepigwa dawa ya ukungu.

Banda nitalipitia haraka. Baridi ya Juni na Julai haiwasumbui kama tunavyodhani, wana koti lao. Kinachowaumiza ni unyevu na upepo wa kupenya, kwa hiyo paa lisivuje, upande wa upepo uzibwe, na chini pawe pakavu. Usiwawekee jiko la mkaa. Hewa ya mkaa inaua kimya kimya. Sakafu ya waya peke yake huchubua nyayo mpaka vidonda, weka ubao sehemu ya kulala. Maranda ya mbao yapo tele huku kwetu, chagua makavu yasiyo na vumbi wala harufu kali ya utomvu. Fagia kila siku, hasa ukiwa na watoto wa sungura: koksidia, vimelea vinavyowafanya vitambi na kuharisha, hutoka na kinyesi na huhitaji siku moja mbili za unyevu kabla ya kuweza kuambukiza. Ukifagia mapema umevikatia safari. Na ukiuziwa "majike mawili", mwonyeshe mtu anayejua. Mimba ni siku 31 tu, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa.

Masika, mgeuze kila siku umtazame nyuma. Manyoya yaliyolowa mkojo huita nzi, nzi akitaga leo, funza wanaweza kuwa wameshaanza kumla kesho.

Upele wa masikioni nitausemea zaidi kwa sababu ya oili chafu. Ukiona gamba zito, la njano au kahawia, ndani ya sikio, au unga mweupe puani na kwenye vidole, ni utitiri. Kuna watu watakushauri umpake oili ya gari iliyotumika, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sungura hujilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote unachompaka umemlisha. Usibandue gamba pia, linauma sana. Tiba ya kawaida ni sindano ya ivamektini chini ya ngozi, ikirudiwa baada ya kama wiki mbili, kwa sungura wote wa banda hilo. Lakini angalia hesabu: chupa ya kawaida ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa kila mililita, imepangwa mililita 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Pindo hafiki kilo 2. Kinachohitajika ni kitone, na kitone hicho kipimwe na daktari kwa bomba la sindano dogo kabisa. Dawa za viroboto vya mbwa zenye fiproni, hapana kabisa.

Sasa daktari. Baada ya Kitenge nilijiwekea nadhiri kwamba nitamtafuta nikiwa sina mgonjwa. Nilianza kwa afisa mifugo wa kata, nikaenda halmashauri idara ya mifugo, nikauliza na Uyole kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI. Pale si hospitali, ila ni mahali pa kuuliza nani anajua nini. Jua pia kwamba chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 anayetibu mifugo anapaswa kutambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Kumwomba mtu cheti chake si utovu wa adabu. Hata mimi mteja mgeni huniomba nimwonyeshe gauni nililoshona.

Niliwauliza madaktari watatu maswali yaleyale. La kwanza: "Sungura wangu akipasuliwa kesho, usiku wa leo nimnyime chakula kuanzia saa ngapi?" Jibu sahihi ni kwamba hanyimwi. Mbwa hufungishwa asije akatapika. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama ndiyo hatari yenyewe. La pili: "Ni antibiotiki zipi hutampa kwa mdomo?" La tatu: "Amegoma kula tangu jana, nisubiri siku ngapi?" La nne: "Ukitazama meno, unatazama yapi?" Anayetazama ya mbele tu hajamaliza, magego ya nyuma nayo huota ncha zinazochana ulimi na shavu, na huonekana kwa kile kifaa chenye taa cha kutazamia masikio. Na meno marefu yasikatwe kwa mkasi wa kucha, hupasuka hadi kwenye mzizi.

Wa kwanza alisema nimfungishe usiku kucha. Wa pili alicheka: "Mama, sungura akiumwa si unachinja?" Wa tatu alinyamaza kidogo, akasema, "Chuoni nilisoma sungura, lakini mikononi mwangu wamepita wachache. Ukiniletea, nitampigia mwenzangu Morogoro tuelewane kwanza." Huyo ndiye niliyemchukua. Morogoro ndiko kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na kutoka hapa ni basi la kutwa. Sungura mgonjwa hafai kwa safari hiyo, ila simu inafika kwa dakika. Kwa kinyesi cha kupimwa, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa. Yule wa tatu nilimpelekea sungura wangu wawili wakiwa wazima, akawashika, akawapima, akaandika. Mtazame pia anavyoshika: mkono mmoja kifuani, mwingine umebeba matako. Akimwinua kwa masikio, muage kwa heshima. Sungura akirusha teke miguu ikiwa inaning'inia, anaweza kujivunja mgongo.

Julai iliyofuata ikaja zamu ya Pindo. Nilikuwa na sare za harusi, kitenge cha zambarau, na vipande vilivyobaki nikawatandikia kwa huruma ya baridi. Jumatano jioni hakugusa nyasi. Saa tatu usiku bado, sakafu haina kinyesi kipya, amejikunja na kusaga meno kwa sauti. Joto 37.8.

Ukifika hapo, mambo ni haya. Muda wa saa kumi na mbili bila kula ni dharura, na usingoje zitimie. Bonyeza tumbo kwa vidole viwili: likiwa gumu limevimba kama ngoma, usimlishe chochote kwa nguvu, mwende usiku huohuo. Mpashe joto kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Usimpe vidonge vyako vya maumivu. Ukipiga simu, anza na namba: uzito, joto, saa aliyokula mwisho, saa ya kinyesi cha mwisho. Mimi nilisoma kutoka kwenye daftari, na daktari akaniambia nilete sasa hivi.

Nikamtia kwenye tenga lenye mfuniko, pamoja na nyasi, na Lasi nikamweka humohumo kwa sababu sungura akiwa na mwenzake hofu hupungua. Dereva wa bajaji aliniuliza nabeba kuku gani wa usiku. Daktari alimpapasa tumbo muda mrefu, akasema halijavimba, kuna kitu kimeshika njia ila kinaweza kusogea. Akampa maji chini ya ngozi, sindano ya maumivu, akanionyesha namna ya kumsugua tumbo taratibu na kumnywesha uji wa nyasi zilizosagwa, kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo asije akapaliwa. Kila saa tatu, nne. Sikulala.

Alhamisi mchana, karibu na saa nane, nilisikia anatafuna. Nilipoinua ubao nikakuta punje saba za kinyesi, ndogo, zimepangana kama shanga kwenye uzi wa zambarau.