Mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo: anzia hapa

Kama uko Wales au kokote Uingereza na una border collie wako (aina ya mbwa wa kuchunga kondoo) unataka kuingia naye uwanjani, usikimbilie filimbi ya kumpa amri. Anza na "lie down", yaani mbwa akisikia tu analala hapohapo hata akiwa mita 300 kutoka ulipo, bila hiyo utahangaika bure. Halafu "come bye" awazunguke kondoo kama mshale wa saa, "away" kinyume chake.

Siku yenyewe unasimama kwenye nguzo na hutoki hapo mpaka kuwaswaga kondoo kuishe, mbwa ndo anaenda kuwafuata kondoo, apite mbali kwa mzunguko wenye umbo la parachichi, akikatiza katikati ya uwanja pointi zinaondoka. Jaji anatoa jumla ya 100, na 30 nzima ni za kuwaswaga kondoo waende mbali na wewe kupitia mageti, kwa hiyo jamani hapo ndo pa kufanyia mazoezi, wengi wanapasahau!

Mwisho ni kuwaingiza kondoo kwenye zizi. Shika kamba ya geti, usiiachie kabisa. Kondoo akikugeukia na kupiga mguu chini, usipige kelele, mlaze mbwa kwanza, rudi hatua moja, subiri kondoo atulie.