Mapigo ya farasi: tafuta chini ya taya
Kwa mnaosomea utunzaji wa farasi: pitisha vidole viwili kwenye ukingo wa ndani wa taya, mbele kidogo ya msuli mkubwa wa shavu, hadi uguse mshipa unaoteleza kama kamba laini. Gusa taratibu; ukikandamiza, damu inazibika na husikii kitu. Kidole gumba usitumie, kina mapigo yake. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Farasi mkubwa mwenye afya, akiwa ametulia, hupiga 28 hadi 44 kwa dakika. Ni polepole mno, ndiyo maana sekunde 15 hazitoshi: ukikosa pigo moja, umekosea kwa manne. Akiwa anatafuna au ametoka kushtuka, subiri. Namba utakayopata wakati huo haitakuambia lolote la maana.