Jinsi ya kukagua bomba la moshi la jiko banifu linalovuta hewa ya pembeni

Jiko la kuni la shule likianza kurudisha moshi jikoni, wa kwanza kulaumiwa ni mpishi, kisha kuni mbichi. Kuni zikiwa kavu na moshi bado unatokea mdomoni mwa jiko, mimi huanza na bomba.

Wengi hukagua bomba kwa kutafuta moshi unapochomoza. Lakini bomba lenye moto halisukumi moshi nje. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kuvuta ya nyuma yake. Penye tundu, hewa baridi ya jikoni ndiyo inayoingia, inaupoza moshi na mvuto unapungua, kama anayekunywa soda kwa mrija uliotoboka. Kwa hiyo bomba linaweza kuwa bovu na usione hata chembe ya moshi ubavuni mwake.

Andaa tochi kali, vijiti vya ubani, chaki, brashi ya waya na ngazi isiyoyumba.

Hatua ya 1: Jiko likiwa baridi

Safisha masizi kwanza. Masizi yakijaa bombani, jiko hurudisha moshi vilevile, na tena huziba matundu madogo ukadhani bati ni zima. Kisha tazama viungio. Michirizi myeusi inayong'aa chini ya kiungio ni lami ya moshi iliyochuruzika. Mara nyingi utakuta bomba la juu limevalishwa nje ya la chini. Linatakiwa liingie ndani ya la chini, ili lami irudi ndani ya jiko na kuungua. Gonga bati kwa kifundo cha kidole: zima hulia, lililoliwa na kutu hutoa sauti fupi. Usisahau mgongo wa bomba unaotazama ukuta. Mafundi hupenda kuuficha mshono huko.

Hatua ya 2: Tochi gizani

Usiku, fungua mlango wa kutolea masizi, ingiza tochi na uizungushe taratibu. Mwenzako aliye nje atie chaki kila anapoona mwanga. Mwanga haupindi kona, hivyo kiwiko kifungue ukichungulie peke yake.

Hatua ya 3: Ubani

Hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Fanya asubuhi kabla upepo haujaamka. Washa moto wa wastani kwa kuni kavu, subiri bomba lipate joto. Washa kijiti cha ubani, kishike kama sentimita 2 kutoka kwenye kiungio, kisha kizungushe polepole. Moshi wa ubani ukipanda wima, hapo pazima. Ukipinda na kuzama ndani ya bati, umepata tundu, tia chaki. Anzia shingo ya jiko, pale bomba linapokalia, kisha kingo za mlango wa masizi, kiwiko, halafu viungio vya juu. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye hivyo viwili vya kwanza, hata kabla hujapanda ngazi.

Hatua ya 4: Gunia, ukiwa bado na shaka

Ziba ncha ya juu kwa gunia lililolowa, choma majani mabichi machache tu kwenye jiko lisilo na makaa, funga mdomo wake. Moshi ukikosa njia utajipenyeza kwenye matundu. Milango na madirisha yote yawe wazi, na wapishi wakae nje: moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ondoa gunia mara tu ukimaliza.

Kuziba

Karibu na jiko tumia saruji ya moto, yaani ile inayostahimili joto kali. Ukiikosa, udongo wa kichuguu uliochekechwa na kukandwa na majivu hufanya kazi, ila utaurudia ukipasuka. Saruji ya kawaida hupasuka upesi, na silikoni ya madirisha huungua. Kila kiungio kikaze kwa skrubu 3. Bati lililotoboka kwa kutu usilibandike kiraka. Badilisha kipande chote.

Ulichozibia kikikauka, washa moto, rudia ubani kwenye kila alama ya chaki. Kama pote pazima na moshi bado unarudi, panda juu upime ncha ya bomba: ikiwa haijazidi mgongo wa paa kwa sentimita 60 hivi, upepo ndio unaousukuma chini.