Foleni za maji kwa nadharia ya michezo na udhibiti: anza na vilula (mabomba ya maji ya umma) viwili

Wiki iliyopita nilikaa na binti mmoja, mwanafunzi hapa Dodoma, anayeandika tasnifu kuhusu foleni za maji katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Kila mama pale anachagua kilula kwa kuangalia wenzake wameenda wapi, nao wenzake wanamwangalia yeye. Huo ni mchezo, kwa lugha ya nadharia ya michezo: matokeo ya mmoja yanategemea uamuzi wa wengine. Na kwa kuwa habari za foleni ya leo ndizo zinazoamua safari ya kesho, kuna mrejesho pia, yaani matokeo yanarudi kuongoza uamuzi unaofuata; hapo ndipo nadharia ya udhibiti inapoingia. Naandika tulivyofanya, maana hatua ya tatu iliwahi kunila siku mbili nzima.

Hatua ya 1: Chora mtandao. Vilula, kaya, na nani anampa nani habari. Karatasi inatosha.

Hatua ya 2: Pima, kisha tafuta msawazo. Pima kiangazi. Kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili. Ukienda Februari watu wamekinga maji ya bati, foleni haitakuambia kitu.

Tuseme kuna kaya 60. Kilula A, kila kaya inaongeza dakika 1 ya kusubiri. B presha ni ndogo, inaongeza dakika 2. Msawazo wa Nash ni pale ambapo hakuna anayepata nafuu akihama peke yake: kaya 40 A, 20 B, kote dakika 40. Mwanauchumi Robert Rosenthal alithibitisha mwaka 1973 kwamba michezo ya msongamano ya namna hii haikosi msawazo, na watu wakiwa wanahama mmoja mmoja kufuata nafuu wataufikia. Lishike hilo neno, mmoja mmoja.

Hatua ya 3: Weka ucheleweshaji. Tumia Excel. Nawasihi msikimbilie lugha ya programu kama Python wala programu kubwa za kuigiza jamii; kwenye jedwali unaiona kila siku kwa macho yako.

Kanuni: kaya za A kesho = kaya za A leo − g × (dakika za A − dakika za B). Hiyo g ni wepesi wa watu kuhama. Weka 0.5 na uanze na kaya 46: zinakuja 37, kisha 41.5, na kuendelea zinatulia kwenye 40. Safi.

Sasa fanya tofauti ya dakika iwe ya jana badala ya leo, kwa sababu ndivyo habari zinavyofika kijijini. Siku mbili za kwanza weka 46. Zinafuata 37, 28, 32.5, 50.5, halafu 61.75, zaidi ya kaya zote za kijiji! Mimi niliamini nimekosea fomula, nikaifuta na kuiandika upya usiku kucha. Fomula ilikuwa sahihi. Bila ucheleweshaji, mfumo huu unatulia g ikiwa chini ya 2/3. Habari zikichelewa siku moja tu, lazima iwe chini ya 1/3. Msawazo haujasogea, ila hakuna anayeufikia, kwa sababu hapa watu wanahama wengi kwa pamoja, si mmoja mmoja: leo wote wamefurika B, keshokutwa wote A.

Kwa hiyo ukitangaza foleni kwa kijiji kizima kwenye WhatsApp, na tangazo likafika limepoa, unaweza kuwaongezea watu taabu. Dawa ni kushusha g. Kaya 60 ni mabalozi sita wa nyumba kumi. Wape habari mabalozi wawili kila siku kwa zamu: theluthi moja tu ya kaya ndiyo itakayohama kwa siku, na g ya 0.5 inashuka hadi karibu 0.17. Ijaribu kwenye jedwali kwanza, kwa habari za siku mbili nyuma pia.

Hatua ya 4: Ongeza umbali. Kilula B kikiwa dakika 30 mbali zaidi, msawazo unakuwa 50 kwa 10, kila kaya dakika 50, jumla ya kijiji kizima dakika 3,000. Mgawanyo bora, yaani wenye jumla ndogo kuliko yote, ni 45 kwa 15, jumla 2,925. Lakini angalia: wale 15 wa B sasa wanatumia dakika 60, wenzao 45. Usiandike “bora” kwenye tasnifu kabla hujaandika ni akina nani hao 15, na kama wanabadilishana zamu.