Karatasi inakwama kwenye printa? Angalia kwanza imekwamia wapi

Karatasi ikikwama wengi wetu tunaivuta kwa nguvu hapohapo, na hapo ndo shida ndogo inageuka kubwa, manake ikichanika kipande kinabaki ndani na mashine itakwambia kuna karatasi wakati wewe huoni kitu. Kwa hiyo usivute kwanza. Soma kioo cha mashine, fotokopi nyingi zinakuonyesha mlango gani ufungue, alafu zima ndo ufungue.

Vuta kwa mikono miwili, polepole, bila kuipinda, na kama inawezekana ifuate njia ileile karatasi inayopita. Mashine nyingi zina vikono vya rangi, kijani au buluu, ukivigeuza rola zinalegea na karatasi inatoka yenyewe bila ugomvi. Upande wa fyuza, pale wino unapochomwa ushike kwenye karatasi, kuwa makini sana, panafika karibu nyuzi 200, ipe kama nusu saa ipoe. Dramu nayo, ile silinda inayong'aa, usiiguse kwa vidole na usiiache kwenye mwanga mkali. Tona, yaani ule wino wa unga, ikikumwagikia nguoni osha na maji ya baridi, ya moto yanaifanya ing'ang'anie.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ikikwama palepale kwenye trei, au zinaingia mbili tatu kwa pamoja, anza na karatasi kabla hujamlaumu mtu. Karatasi iliyokaa wazi inavuta unyevu, inajikunja na kushikana, kwa hiyo toa rundo lote, lipepee, ligonge kwenye meza likae sawa, usipitishe ule mstari wa kikomo, alafu sogeza vile vibanio vya pembeni viguse karatasi bila kuibana. Bado? Angalia rola ya kuvutia karatasi, ikiwa inang'aa na ukiishika inateleza basi imechoka, ifute na kitambaa kisichoacha nyuzi chenye maji kidogo, iache ikauke. Itafanya kazi siku mbili tatu ikirudia tabia yake badilisha, na ubadilishe pamoja na kile kipande cha mpira kinachotenganisha karatasi, kubadilisha kimoja ukaacha kingine ni kujirudisha palepale.

Ikitoka na mikunjo mikunjo kama kipepeo cha mkono basi imegonga kitu mbele wakati rola za nyuma bado zinaisukuma, mara nyingi ni fyuza au rola za kutolea. Karatasi ikiwa inajiviringisha kwenye fyuza kila mara muite fundi, hapo sio pa kuchokonoa.

Ila inayosumbua kuliko zote ni ile mashine inasema imekwama na ndani hamna kitu. Kuna moja nilihangaika nayo nusu siku nzima, nimefungua milango yote, trei zote nje, hamna kitu. Mwisho nikamulika na tochi ya simu nyuma, pale karatasi inapogeuzwa kuprintiwa upande wa pili, nikaona kipande cha ukubwa wa kucha kimekaa chini ya kijiti cha sensa, kile kinachohisi karatasi ikipita. Hicho kijiti ni cheusi, chembamba, cha plastiki, ukikisukuma kinalala na ukikiachia kinarudi chenyewe, na kikizuiwa kurudi mashine inaamini karatasi bado ipo hapo. Kwa hiyo vipitie vijiti vyote kimoja kimoja kwa kidole, taratibu kwa sababu vinavunjika, na kisichorudi ndo hicho.

Toka siku hiyo karatasi ikinichanikia situpi vipande, navipanga mezani mpaka karatasi itimie, na kama kona moja haipo basi najua iko ndani na sifungi mlango mpaka niipate.